BEI YA BUNDUKI YA BABU

Ukitaka kumwona mtu mzima akigeuka mtoto, muulize ni kitu gani alichowahi kununua kwa bei ya kutupa. Macho yatamng'aa. Atasogeza kiti. Wengine watakusimulia baiskeli, wengine redio, wengine ng'ombe aliyekuwa amekonda kumbe ana mimba. Lakini wote hao wameshindwa na watu wanaokusanya bunduki kuukuu za mitutu miwili. Mimi nimekutana na mmoja wao tu maishani, na habari zake zilitosha gunia.

Bunduki ninazozisema ni zile za marisau. Hazitupi risasi moja, bali hutawanya chembe nyingi ndogo ndogo, na ndiyo maana zilipendwa na wawindaji wa ndege na wakulima wenye taabu ya nyani. Mitutu yake imelala ubavu kwa ubavu kama mapacha kitandani. Ukisikia ikiitwa "namba 12", maana yake ni kwamba ukichukua ratili moja ya risasi iliyoyeyushwa, ukaigawa iwe gololi 12 zilizo sawa, kila gololi itaenea barabara katika mtutu ule. Nami nilidhani ni namba ya kiwandani!

Hapa kwetu Taita Taveta tumezungukwa na habari za bunduki tangu zamani. Reli ilipofika Tsavo mwaka 1898, simba wawili waliwala wajenzi hata kazi ya daraja ikasimama. Msimamizi wa daraja, J. H. Patterson, alidhani amepata dawa alipoazima kwa mwenzake bunduki ya mitutu miwili yenye nguvu kuliko yake. Mwezi wa Desemba mwaka huo akakutana na simba uso kwa uso, akafyatua, na bunduki ikalia "ta!" basi. Haikuwaka. Bwana yule alifadhaika mpaka akasahau kwamba ana mtutu wa pili! Bahati yake simba aliruka kando kwa ajili ya makelele ya watu, na Patterson alipokumbuka mtutu wa kushoto, akamjeruhi tu. Simba wote wawili waliuawa kabla ya mwaka kwisha. Ngozi zao alizitandika sakafuni kwake kwa miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, kwa dola 5,000. Mpaka leo watu wanaingia pale kuwatazama. Sisi wenye Tsavo hatukupata hata ukucha.

Halafu kuna Theodore Roosevelt. Alipotoka tu kwenye urais wa Marekani, mwaka 1909, alishuka Mombasa akapanda treni kwenda bara, akiwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya injini ili aone wanyama vizuri. Bila shaka alipita hapa Voi. Katika mizigo ya safari yake ilikuwamo bunduki ya marisau ya mitutu miwili, aliyotengenezewa na kampuni ya Fox ya Philadelphia. Hakuilipia hata senti, maana alipewa zawadi. Mwaka 2010 bunduki hiyo hiyo iliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola 862,500. Hebu zigeuze ziwe shilingi, kisha ukae chini.

Basi, nisikuchoshe na habari za wakubwa. Nije kwa babu.

Babu yangu alikuwa fundi seremala katika shamba moja la mkonge, na nyumbani kwake ni chini ya kilima cha Sagalla. Alilima mahindi, kunde na pojo, na kila msimu nyani walivuna kabla yake. Mwaka 1966 Mzungu mmoja aliyekuwa akisimamia ghala alitangaza kwamba anarudi kwao Uingereza, na kwamba anauza vitu vyake: kabati, gramafoni, viti, na bunduki ya mitutu miwili. Bunduki aliitaka shilingi 600. Kwa fundi seremala wa wakati ule, kama si ndoto, ni nini?

Babu hakukata tamaa. Aliomba kuishika, akaipindua, akatazama kile anachokijua yeye, yaani mbao. Akaona kitako kina ufa mwembamba karibu na kifyatulio. Hakusema neno. Alipitisha ukucha juu ya ufa ule, akaguna, akairudisha. Mzungu akateremka mpaka 450.

Hapo sheria ikaingia kati, na kumbe iliingia upande wa babu. Huwezi kununua bunduki kama unavyonunua jembe. Ni lazima kwanza uwe na cheti, na ili upate cheti, babu alihitaji barua ya chifu, na kutazamwa mwenendo wake, na kwenda na kurudi ofisini. Miezi saba ilipita. Huku nyuma kabati ikauzwa, gramafoni ikauzwa, viti vikaisha, bunduki imebaki, kwa sababu wenye fedha hawakuwa na karatasi na wenye karatasi walikuwa na bunduki zao tayari. Meli ilikuwa inangoja Mombasa. Siku babu alipofika na cheti mkononi, Mzungu alikuwa anafunga masanduku. Wakapatana shilingi 180 na beberu mmoja mweusi, maana Mzungu alitaka nyama ya kuwaaga wafanyakazi wake.

Hadithi hii babu aliisimulia kila Krismasi, na kila mwaka bei ilizidi kushuka! Mimi nilisikia 180. Binamu yangu mkubwa anaapa kwamba kwanza ilikuwa 220. Yule beberu naye alianza akiwa beberu, akaishia "kambuzi kadogo tu".

Bunduki yenyewe ilikaa sandukuni siku nyingi kuliko ilivyokaa mkononi. Mara moja au mbili kwa msimu babu alipiga hewani, nyani wakakimbia, kesho yake wakarudi. Uwindaji wa wanyama ulipopigwa marufuku mwaka 1977, wengi waliokuwa na bunduki za namna ile hawakuwa na kazi nazo tena. Na miaka ile haikuwa ya mchezo. Majangili waliingia Tsavo wakawamaliza ndovu. Katika miaka ya sitini mwishoni walikuwa zaidi ya 30,000 katika eneo zima la Tsavo, lakini walipohesabiwa mwaka 1988 walikuwa wamebaki wachache tu. Nyanya husema kwamba usiku walisikia milio kutoka upande wa mbuga, wakazima taa. Babu alikuwa akikagua kufuli ya sanduku kila jioni kama mtu anayetazama mgonjwa.

Babu alifariki mwaka 2019. Wiki moja baada ya mazishi, baba na ami walichukua bunduki na cheti, wakavipeleka polisi, kwani kwa sheria ya Kenya cheti ni cha mtu, si cha ukoo. Ng'ombe unaweza kurithi. Bunduki sivyo. Ikawekwa huko, na familia ikaambiwa kwamba inaweza kuuzwa kwa mtu mwenye kibali, au iachiwe Serikali.

Mwaka wa 2021, mimi nikiwa darasa la saba, mambo yalikuwa yamebana nyumbani. Ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga kibarua cha baba, na dada yangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo. Ndipo wanunuzi wawili wakatokea, mmoja usiku na mmoja mchana.

Wa usiku aliletwa na ami yangu mdogo. Sikumwona sura vizuri, niliona viatu tu. Alisema atatoa shilingi 100,000 taslimu, hataki risiti, hataki cheti. Kazi yetu ni moja tu, kwenda polisi na kusema tunaipeleka kwa fundi, kisha "ipotee njiani". Ami alikuwa anatetemeka kwa furaha. Baba alinyamaza, na mimi nilijua anapiga hesabu ya karo. Laki moja, ndugu yangu! Nyumba nzima ilinyamaza.

Nyanya aliyekuwa akichambua kunde aliuliza swali moja.

"Umewahi kuiona hiyo bunduki?"

"Hapana, mama. Lakini naiamini."

"Na hutaki nipunguze hata shilingi tano?"

Yule bwana akacheka, akasema hana haja ya kupatana. Nyanya akaweka ungo chini. Akasema yeye ameuza mboga Voi sokoni miaka thelathini, na hajamwona mtu anunuaye kitu bila kukitazama na bila kupunguza bei, isipokuwa mtu ambaye si kitu hicho anachokinunua. "Wewe unanunua ukimya wetu," akasema, "na huo siuzi, maana milio nimekwisha kuisikia." Bwana yule akaondoka. Ami hakula chakula cha jioni. Walikaa na baba wiki nzima bila kusalimiana vizuri, na mimi sikumlaumu ami, kwa kuwa dada alikuwa bado yuko nyumbani.

Wa mchana alikuja kwa treni ya SGR kutoka Nairobi. Mzee wa makamo, vibali vyake vyote kwenye bahasha, na kazi yake ni kukusanya bunduki za kale. Habari zetu alizipata kwa muuza bunduki mwenye leseni. Tulikwenda naye kituoni, nami nikaruhusiwa kusimama mlangoni. Afisa akaitoa bunduki na kuikagua kwanza kwamba haina kitu ndani. Kisha mzee yule akaanza kazi yake, na kwa kweli ilikuwa tamasha. Aliifungua akatazama ndani ya mitutu kuelekea dirishani, akitafuta kutu na mibonyeo. Akaifunga, akaitikisa karibu na sikio kusikia kama imelegea. Akaitenganisha mitutu na kitako, akaining'iniza kwa kidole, akaigonga kwa ukucha. Ikalia kama kengele ya kanisa ikiwa mbali. Akatabasamu. Akasema ikilia namna ile, viungio vya mitutu bado vizima.

Halafu akaisugua kidogo kwa kitambaa, na juu ya chuma yakatokea mawimbi, kama mistari ya maji mchangani. Akatuambia hiyo ni mitutu ya Dameski: vipande vyembamba vya chuma laini na vya pua husokotwa pamoja, vikazungushwa kwenye fimbo na kufuliwa kwa moto mpaka vikawa bomba. Chini yake zilikuwapo alama ndogo za jumba la majaribio la Birmingham, ambako bunduki hupigwa kwa baruti nyingi kupita kiasi kabla ya kuuzwa, ili ikiwa ni ya kupasuka ipasukie huko. Lakini mitutu hii ilijaribiwa kwa baruti nyeusi ya zamani tu. Baruti ya siku hizi ina nguvu nyingine kabisa.

"Mzee wenu aliipiga kwa risasi za dukani?" akauliza.

Baba akasema ndiyo.

"Miaka mingapi?"

"Hamsini, hivi."

Yule mzee akaitazama bunduki, akamtazama baba, akaketi. Hakusema kitu kwa muda. Kumbe babu, fundi wa mbao, aliuona ufa wa kitako akaushangilia, na chuma hakukijua.

Bei ilipatanwa nyumbani. Mzee akatoa hoja yake: bunduki hii haipigwi tena, ni ya kutazamwa ukutani tu, kwa hiyo shilingi 12,000. Nyanya akataka 60,000. Kwanza alimwamuru avute barakoa chini kidogo, akikaa mbali, kwa sababu hawezi kupatana bei na mtu asiyemwona mdomo. Wakaendelea tangu chai mpaka saa nane. Mzee alisifu sana mawimbi ya chuma, na hapo ndipo alipojiponza, kwani nyanya alimjibu kwamba kizuri chajiuza, na yeye hajamtembeza mtu. Mwisho ikawa 28,000, pamoja na picha kubwa ya bunduki ndani ya fremu. Karatasi zikapitia kwa yule muuzaji mwenye leseni, na baada ya miezi mitatu fedha zikaja.

Baba alizihesabu mezani: karo ya dada, deni la duka, kidogo cha mizinga ya nyuki. (Kule Sagalla wengi wamezungushia mashamba ua wa mizinga, kwa vile ndovu huwaogopa nyuki. Nyani nao, bado tunatafuta dawa yao.) Nyanya akanyosha mkono akatoa shilingi 7,000 juu ya fungu.

"Za nini, mama?" baba akauliza.

"Za beberu wangu."

Tukatazamana. Ndipo tukajua, baada ya miaka hamsini na mitano, kwamba yule beberu mweusi hakuwa wa babu hata siku moja. Alikuwa wa nyanya, aliletwa naye kutoka kwao alipoolewa, na babu alimtoa kwa Mzungu nyanya akiwa mtoni.

Ami akajaribu utani. "Lakini elfu saba ni nyingi, mama. Beberu hazai."

"Anazalisha," akasema nyanya, akazifunga zile fedha kwenye pindo la leso.