Stammersdorf, Mwaka wa Glikoli

Watu wa Tanga wanaonijua hushangaa wakinisikia nikizungumzia mvinyo, maana tangu nizaliwe sijapata kuunywa. Yote yalitokana na kazi ya mume wangu. Alikuwa karani wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, lenye makao yake Vienna, katika yale majengo marefu ya kando ya Mto Danube ambayo wenyeji huyaita UNO-City. Sisi tulipanga Floridsdorf kwa kuwa kodi ya huko ilikuwa nafuu. Tramu namba 31 ilipita karibu na kwetu, na ukiipanda mpaka mwisho wa reli unashukia Stammersdorf. Hapo ungali ndani ya mji wa Vienna, lakini mbele yako ni mashamba ya mizabibu yanayopanda kilima cha Bisamberg. Huko ndiko nilikoushuhudia mwaka 1985, mwaka ambao mvinyo wa Austria uliingia aibu mbele ya dunia nzima.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini alikuwa binti wa nyumba moja ya wakulima wa hapo. Aliniona nimejifungia ndani na watoto mchana kutwa, akanionea huruma, na Septemba 1984 akanipeleka kwao. Kaka yake ndiye aliyekuwa mwenye shamba, mtu wa maneno machache, mimi nilimwita Bwana tu. Mama yao nilimwita Bibi, na yeye akakubali.

Nyumba za namna ile huitwa Heuriger. Utaratibu wake ni wa kale: mwaka 1784 Kaisari Joseph wa Pili alitoa amri kwamba mkulima anaruhusiwa kuuza nyumbani kwake mvinyo wa zabibu zake mwenyewe. Akifungua, hutundika tawi la msonobari juu ya mlango. Mvinyo ukipungua, au kazi za shamba zikimzidi, hulishusha na kufunga, na wateja wanahamia kwa jirani ambaye tawi lake liko juu. Kwa hiyo hakuna mkahawa pale, wala mtumishi aliyevaa tai. Ni ua wa nyumba ya mtu, meza za mbao chini ya mti wa jozi, na wageni wasiojuana wanabanana benchi moja. Mvinyo unaletwa katika kikombe cha kioo chenye mkono, cha robo lita. Chakula unakifuata mwenyewe dirishani. Sehemu kubwa ilikuwa nguruwe wa kila aina, kwa hiyo sisi tuliishia kwenye jibini, mayai ya kuchemsha, matango ya siki na mkate mweusi, ambao watoto wangu waliuchukia mwaka wa kwanza na kuulilia tuliporudi nyumbani.

Nilianza kama mgeni, nikaishia kuwa mvunaji. Vichala vilikatwa kimoja kimoja kwa mkasi, vikamwagwa kwenye beseni kubwa la trekta, vikasagwa na kukamuliwa siku ile ile. Maji yanayotoka ni ya kikahawia, mazito, matamu hadi meno yanauma. Bwana aliyapima kwa kijiti cha kioo kinachoelea. Kadiri sukari ilivyo nyingi ndivyo kijiti kinavyochomoza juu. Kipimo hicho kilibuniwa karne ya 19 katika shule ya mvinyo ya Klosterneuburg, mji wa ng'ambo ya pili ya Danube, na alikishika kwa heshima ambayo hakuwapa watoto wake.

Bibi aliniuliza kama dini yangu inaniruhusu kuyanywa. Nikamwambia ya zabibu mbichi ni halali, ila yakishachacha basi. Alilichukua jambo lile kama kazi aliyokabidhiwa. Kila nilipofika alichota kikombe, akakisogeza sikioni, akasikiliza, akanusa, akaonja, ndipo akanipa. "Leo bado ni yako," alisema. Kisha ikaja siku alisikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida, akakimwaga kikombe ndooni. "Basi. Kuanzia leo ni ya hao," akasema, akiwaelekezea wanaume kidevu.

Mimi mtoto wa Pangani sikuhitaji kufafanuliwa. Kwetu mgema akishuka mnazini asubuhi, tembo lake huwa tamu hata watoto hulionja. Likifika jioni, lile lile, ni kali na watu wazima wanagombana. Tofauti ni kwamba Vienna wameligeuza jambo hilo kuwa msimu. Maji ya zabibu yanapokuwa katikati ya kuchacha, bado yana ukungu na povu, watu huyanywa hivyo hivyo na kuyaita Sturm. Huuzwa majira ya mavuno tu. Chupa yake haizibwi kwa nguvu, maana gesi ingeipasua, kwa hiyo jioni za Oktoba utaona wazee wenye makoti mazuri wamesimama kwenye tramu, kila mmoja ameishikilia chupa yake wima, na gari zima linanuka hamira.

Mapango yao ya mvinyo yako juu kidogo ya kijiji, katika kichochoro kirefu, yamechimbwa kwenye udongo laini wa manjano. Wakati wa kuchacha hakuna aliyeteremka bila mshumaa unaowaka. Hewa chafu itokayo kwenye mapipa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala chini, na haina harufu ya kukuonya. Moto ukififia, unageuka na kupanda juu bila kuuliza swali. Niliuona ukififia siku moja, Bwana akiwa mbele yangu. Alinigeuza kwa bega, akanisukuma ngazini, na tulipofika nje akaendelea na mazungumzo pale alipoyaachia.

Majira ya baridi, mvinyo ukishatulia, ndipo ulipoonjwa. Alikuwa na bomba refu la kioo lenye tumbo. Huliingiza pipani, huvuta kwa mdomo, huziba juu kwa kidole gumba, kisha huachia kidogo kidogo kwenye glasi. Ulianza mwepesi, ukafuata mzito, katikati kipande cha mkate. Waonjaji walitema ndooni, jambo lililonifurahisha sana, kwani nilikuwa nimedhani shughuli yote ile ni kisingizio cha kulewa. Mimi pia nilipewa glasi. Nilipokataa, Bwana alisema pua haina dini. Nikanusa. Baada ya muda niliweza kuutambua Grüner Veltliner kwa ile harufu yake ya pilipili manga. Ule ambao sikuuweza kamwe ni Gemischter Satz, mvinyo wa Vienna hasa: mizabibu ya aina nyingi hupandwa shamba moja, huvunwa pamoja na kukamuliwa pamoja. Nilisikia matunda yote na sikuweza kutaja hata moja.

Basi, Julai 1985. Tarehe 9 Wizara ya Afya ya Ujerumani Magharibi ilitoa onyo kwamba mvinyo wa Austria umekutwa na daiethilini glikoli. Wajerumani ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa, hivyo habari iliwaka siku ile ile. Wafanyabiashara fulani, kwa msaada wa wakemia, walikuwa wakitia kemikali hiyo kwenye mvinyo hafifu ili uonekane mzito na mtamu, ufanane na ule wa zabibu zilizoachwa mtini mpaka zikaiva kupita kiasi, ambao bei yake ni kubwa. Magazeti yalisema watu wanauziwa dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande. Kwa kweli dawa inayotiwa kwa kawaida kwenye magari ni ndugu yake, si yenyewe, lakini nani angesikiliza? Watu walikamatwa, nchi zikapiga marufuku, mamilioni ya lita yakazuiliwa. Hakuna kifo kilichothibitishwa.

Nilimfasiria Bibi methali yetu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Kisha akasema, "Afadhali wangetia maji."

Mvinyo wa ulaghai ulikuwa wa matangi makubwa, uliopita mikono mingi baina ya shamba na mnywaji, na chupani haukuwa na uso wa mtu, ila karatasi yenye maandishi mazuri. Mteja wa mjini hakufanya tofauti hiyo. Jumamosi ya kwanza baada ya onyo, tawi lilikuwa juu ya mlango na benchi zilikuwa tupu. Nilikaa na watoto chini ya ule mti wa jozi, tumezungukwa na meza zilizofutwa vizuri, nikaona haya kana kwamba kosa ni langu.

Bwana hakubandika tangazo wala hakujitetea. Jumamosi iliyofuata aliacha watu wa nyumbani wahudumie ua, yeye akaenda kufungua pango, akawaambia wachache waliokuja wamfuate. Mimi nilibeba glasi. "Chagueni pipa," alisema, basi. Palikuwa na mzee mmoja, dereva wa tramu aliyestaafu, mwenye midomo ya kubishana. Alilipita pipa la kwanza, la pili, akaenda mpaka mwisho kabisa gizani, nadhani akiamini ya mbele yameandaliwa. Akaligonga la ukutani kwa kiganja. Bwana akampa bomba la kioo alivute mwenyewe. Mzee hakujua kuliziba. Nusu ikamwagika kwenye kiatu chake. Iliyobaki akainusa, akaionja, hakutema. "Mchungu," akasema. "Ni mchungu," Bwana akajibu, "ulikuwa mwaka wa mvua." Wiki chache baadaye foleni ya pangoni ilikuwa inafika barabarani.

Watu walimsifu kwa uadilifu, na sikatai. Ila mimi niliyekuwa nimesimama karibu naye najua kwamba ilikuwa hasira. Alikuwa amekasirika kiasi kwamba asingeweza kusema sentensi mbili mfululizo, na kumpa mtu pipa ilikuwa njia ya kumnyamazisha.

Mwishoni mwa Agosti bunge lilipitisha sheria mpya ya mvinyo, kali mno, yenye wakaguzi wengi na utepe mwekundu na mweupe wa serikali kwenye vifuniko vya chupa. Bwana aliiunga mkono na kuilalamikia kwa pumzi moja, maana fomu zilikuwa nyingi. Mauzo ya nje yaliporomoka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya yale ya zamani. Shambani nako hakukuwa na nafuu: baridi kali ya Januari ilikuwa imeua machipukizi, na mavuno ya mwaka ule yakawa haba. Tulitembea mistari mirefu na ndoo ambazo hazikujaa.

Hapo ndipo alipokuja dalali. Wakati huo nchi ilikuwa na mvinyo ambao hautafutwi na mtu, safi kabisa, wa bei ya kutupa. Alikuwa tayari kuleta gari la tangi usiku na kujaza mapipa matupu. Kijana wa nyumba, aliyekuwa na mkopo wa trekta, alitaka. "Nani atajua?" akauliza. Bwana alinyamaza, na kimya chake mara ile kilinitia wasiwasi, kwa sababu hakikuwa cha kukataa. Aliyejibu ni Bibi. "Huyu hapa atajua," akaninyooshea kidole mimi, nikiwa nimeshika sahani za kuosha. "Ana pua." Wakacheka wote, dalali naye, na jambo likafia hapo.

Tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, mvinyo mpya hubarikiwa, na kwa desturi ule wa mwaka uliotangulia huacha kuitwa mpya. Nyumba zote hula bata bukini. Mimi nilikula kabichi nyekundu na matonge ya viazi. Padri alikuja, akamaliza haraka, kulikuwa na machache ya kubariki. Bwana akasimama akatangaza kwamba mwaka unaokuja tawi halitatundikwa mpaka Pasaka ipite, na hata hapo litakaa kwa siku chache, kwani hana cha kuuza. Majira ya baridi yale alikwenda kufanya kibarua cha kuzoa theluji mjini.

Mwaka 1986 lilitundikwa kwa muda mfupi kweli. Mume wangu, ambaye hapendi msongamano, alinung'unika njia nzima ya kurudi: tulikuwa tumefika mapema kabisa, na bado tulikula mayai yetu tumekaa kwenye ngazi.