Alama ya jaketi haina joto

Hapa Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zinauma. Mwaka jana nilinunulia kijana wangu jaketi ya balo. Muuzaji alionyesha alama ya ndani: "Mama, hii ni ya ku Ulaya, baridi haitaingia!" Nikatoa franka za sabuni na chumvi.

Siku ya tatu mtoto alirudi kutoka masomo akitetemeka, kifua kinabana.

Fundi wa kushona aliifinya jaketi, akaiachia. Haikuvimba tena. "Mama, joto ni la mwili wa mutoto. Hizi nyuzi za poliesta kazi yake ni kushika hewa, joto isitoroke. Zikikandamizwa sana, zinalala. Hewa inatoka, alama inabaki." Akaiinua kwenye mwanga: mabegani kulikuwa kutupu, nyuzi zimeshuka chini.

Nyuzi zenyewe si uongo. Miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilizitafuta badala ya manyoya ya bata, kwani manyoya yakilowa hayapashi tena. Lakini alama inasema jaketi ilivyokuwa mpya. Mkono unasema ilivyo leo.

Wazazi wenzangu, finyeni kwanza, muangalie mwangani, ndipo mutoe makuta. Mimi nilifundishwa na kikohozi cha mwanangu.