Breki Kabla ya Mapazia

Mama yangu mzazi alivunjika nyonga miaka mitatu iliyopita, alipoteleza uani akienda kutia udhu wa alfajiri. Alhamdulillah, mfupa uliunga, lakini tangu siku hiyo hawezi kuketi kwenye kiti cha basi zaidi ya saa moja na nusu. Dada yake mkubwa anaishi Lushoto, nasi tuko Dar es Salaam. Kwa muda wote huo walisalimiana kwa simu tu. Kila Idd, baada ya mazungumzo yao, Mama hukaa kimya kidogo kisha husema, “Mwenyezi Mungu akijaalia, tutaonana.” Nikisikia maneno hayo nilijua kwamba deni ni langu. Kuunga udugu ni wajibu, na katika nyumba yetu mwenye uwezo wa kusafiri ni mimi.

Ndipo nikaazimia kununua gari kuukuu na kuligeuza liwe la safari za familia. Nilipata Toyota HiAce ya dizeli iliyochoka kwa kubeba abiria. Viti vilikuwa vimepasuka na sakafu imeshika kutu karibu na milango, lakini injini iliwaka bila kusumbua. Nililinunua kwa akiba ya miaka minne, na sehemu ya akiba hiyo ilikuwa ya mke wangu, aliyoitoa kwa ridhaa yake.

Nilimpelekea fundi mmoja mtu mzima pale Gerezani. Alilala chini ya gari kwa muda mrefu, akatoka na karatasi yenye mambo matano: mkanda wa taimingi, rejeta, mipira ya breki, mafuta ya breki, na viatu vya breki za nyuma. Akaniambia, “Bwana, anza na ya chini. Ya ndani yatakungoja.”

Nilimtii nusu. Mkanda wa taimingi niliubadilisha mara moja, kwa kuwa nilielezwa kwamba ukikatika injini ikiwa inazunguka, huweza kuiharibu yote. Rejeta nayo ikafunguliwa na kusafishwa. Ama breki, nilijaribu mtaani kwetu, gari likasimama. Nikasema hizo zitasubiri mwisho wa mwezi.

Kisha nikaingia katika kazi ya ndani, nami nakiri kwamba niliipenda mno. Tuling’oa viti vya nyuma, tukabakiza safu moja yenye mikanda ya usalama. Kutu ikakwanguliwa, bati likachomelewa, na juu yake tukatandika plaiwudi. Fundi wa vyuma alitengeneza fremu ya kitanda, akaifunga kwa bolti palepale vilipokuwa vimefungwa viti, ili gari likisimama ghafla kitanda kisiruke na kumwangukia mtu. Chini ya kitanda tuliweka madumu mawili ya maji ya lita 20, moja likiwa na bomba dogo la kutilia udhu. Mtume wetu (rehema na amani ziwe juu yake) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu ya maji, kiasi kisichofika lita moja. Hivyo dumu moja latosha familia kwa siku nzima ikiwa hatufanyi israfu. Hatimaye nikanunua godoro zuri, foronya na mapazia mazito kwa ajili ya stara. Vitu hivyo vitatu peke yake vilinigharimu shilingi 640,000.

Usiku wa kuamkia safari mke wangu aliniuliza, “Baba watoto, na zile breki?” Nikamjibu, “Zinashika.” Sikusema uongo, lakini pia sikusema yote niliyoyajua.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, tukasoma dua ya safari. Mama aliketi kwenye kiti alicholazwa kidogo mgongo, amefunga mkanda. Kitanda tulikubaliana kuwa ni cha kulalia gari likiwa limesimama, si likiwa mwendoni, kwa sababu aliyelala hana kinachomzuia gari likigonga. Kila baada ya saa moja na robo tulitafuta kivuli, akajinyoosha nusu saa. Kituo kilichofuata cha mapumziko kilikuwa Chalinze, kisha Segera, ambako tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya. Kwa kuwa kibla chetu huku ni kaskazini, nililigeuza gari lielekee huko, Mama akasali ameketi mlangoni bila kuhangaika. Jioni tulipita Mombo, tukapanda mlima kwa zile kona za Soni, na kabla ya Isha dada wawili walikuwa wamekumbatiana, wanalia. Nilifikiri kazi yangu imekamilika.

Baada ya siku tano tuliaga. Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo ni kiasi cha kilometa 33, nayo huteremka kwa kona kali, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Nilikuwa katika gia ya tatu, nikikanyaga breki kila kona. Kabla hatujafika Soni nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Katika kona iliyofuata pedeli ikazama chini ya mguu wangu kama nimekanyaga sifongo.

Sitaki kumwogopesha msomaji, lakini nataka ajue. Nilirudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia huku ikilizuia gari. Nikavuta breki ya mkono taratibu, nikaliegemeza gari upande wa mwamba hadi likasimama kwenye kokoto. Nyuma yangu nilisikia sauti ya Mama ikisoma Ayatul Kursiy. Mwanangu mdogo alikuwa amelala, hajui lolote.

“Mbona tumesimama?” Mama aliuliza.

Nilitaka kusema tunapumzika kidogo. Nikaona haya. Nikamwambia, “Mama, breki zimegoma. Fundi aliniambia nizitengeneze kabla ya safari, nami nikachelewesha.”

Hakunigombeza. Alilitazama godoro, akayatazama mapazia, akasema, “Mwanangu, umenitandikia vizuri. Lakini mimi sikukuomba godoro. Nilikuomba unifikishe.”

Fundi aliletwa kwa bodaboda kutoka Mombo. Mafuta ya breki aliyoyatoa yalikuwa meusi. Alinieleza kwamba mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na yakishakuwa na maji huchemka upesi kwenye mteremko mrefu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana pedeli ilizama. Zaidi ya hayo, kilainishi kilikuwa kikivuja katika gurudumu la nyuma na kuloanisha viatu vya breki, hivyo mzigo wote ulikuwa ukibebwa na breki za mbele. Alibadilisha mipira, viatu na mafuta, akazitoa hewa, akanifundisha kwamba mlima unaoshukwa hushukwa kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Gharama ya yote, pamoja na nauli ya bodaboda, ilikuwa shilingi 185,000. Haikufika hata theluthi ya bei ya godoro na mapazia.

Tulifika nyumbani salama siku ya pili yake. Usiku ule nilimweleza mke wangu ukweli wote kuhusu ile karatasi ya Gerezani, nikamwomba radhi, kwani fedha yake ilikuwa ndani na watoto wake walikuwa ndani.

Ndugu yangu msomaji, huenda nawe unafikiria kununua gari kuukuu ili uwapeleke wazee vijijini, au uwatoe watoto wakaone nchi yao. Nia hiyo ni njema, wala usiiache. Lakini shika utaratibu: kwanza breki, matairi na usukani, pili rejeta na mkanda wa taimingi, tatu mikanda ya usalama kwa kila roho itakayopanda, pamoja na kizimamoto na pembetatu za tahadhari. Kitanda, taa na mapazia vije mwisho, tena kwa fedha iliyobaki. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Mimi nilimtandikia ngamia, nikasahau kamba.

Mama amekwisha kuniuliza tutakwenda lini tena. Nimemjibu kwamba gari liko gereji, na safari hii nimemwambia fundi asitoe kitu chochote katika orodha yake. Mapazia nimeyafua, nimeyakunja kabatini. Yatarudishwa siku karatasi itakapokamilika, insha’Allah.