Andika Maji Yalikuwa Wapi

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa

Mpwa wangu mpenzi,

Mswada wako umenifikia, nami nimeusoma wote kalamu mkononi, majedwali na marejeleo pia. Nakala yenye alama zangu utaletewa Kilifi wiki hii, insha-Allah. Humu nakuandikia yale ambayo hayakuenea pambizoni.

Kwanza nikupongeze. Kuchota maji Mikindani, chini ya daraja la Nyali na hapa kwetu Bandari ya Kale, kuyachuja, kisha kukaa na darubini ukihesabu vipande vya plastiki vilivyo chini ya milimita 5, ni kazi inayotaka subira, na subira hiyo inaonekana. Lakini sehemu ya mbinu umeipa aya mbili, na mjadala ukaupa kurasa sita. Pindua. Mjadala ukiwa mfupi mhariri atakuvumilia. Mbinu zikiwa fupi, makala haina msingi, maana atakayeifungua miaka 20 ijayo atakuwa anatafuta njia ya kurudi pale pale ulipokuwa, achote kama ulivyochota, ajue kama pamebadilika. Maoni yako juu ya plastiki atakuwa nayo ya kwake.

Tarehe umeandika, saa umeandika, latitudo na longitudo umeandika. Hukuandika maji yalikuwa wapi. Wewe ni mtoto wa Mombasa. Wajua kwamba siku za bamvua bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwamba maji yakitoka, hori yote ya Tudor hupita katika mlango mwembamba ulio baina ya Mji wa Kale na Mkomani. Chupa ikichotwa Bandari ya Kale maji yakijaa, imebeba maji yanayoingia kutoka bahari kuu. Ikichotwa maji yakitoka, imebeba Mikindani, Mishomoroni na mifereji yote ya Tudor. Mahali ni pale pale, na majawabu ni mawili. Basi kwa kila chupa sema: bamvua au maji mafu, yakijaa au yakitoka, na saa ngapi tangu yalipojaa kabisa. Sema pia kama ni kusi au kaskazi, na kama mvua ilinyesha siku zilizotangulia, kwa sababu mito ya Kombeni na Tsalu huleta maji kwa msimu, na mvua ya kwanza ya masika huteremsha taka zilizolala mitaroni tangu kiangazi.

Halafu chujio. Umeandika kwamba ulitumia chujio laini. Laini kiasi gani? Tundu lake lina upana gani, umepitisha lita ngapi, na maji uliyachota juu kabisa au kina cha mkono? Mwaka 2020 jarida la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari cha eneo letu, lilitoa utafiti wa Kerubo na wenzake juu ya plastiki ndogo kwenye maji ya juu ya Tudor, Port Reitz na Mida. Umeutaja katika utangulizi, na umefanya vyema. Lakini ukifika kwenye mjadala unasema vipande vyako ni vingi kuliko vyao, kwa hiyo uchafuzi umezidi. Huna haki ya kusema hivyo kabla hujamwonyesha msomaji chujio lako na lao, tundu kwa tundu. Tundu dogo hunasa nyuzi ambazo tundu kubwa huziachia zipite. Hesabu ikipanda, huenda bahari ni ile ile na kilichobadilika ni chujio.

Nyuzi zenyewe ndizo nyingi katika matokeo yako, na nyuzi hutoka pia kwenye buibui, kwenye koti la maabara, hata kwenye upepo wa dirishani. Uliniambia kwa simu kwamba kila siku ya kazi ulikuwa ukiweka sahani ya maji safi wazi kando ya darubini, na jioni ukahesabu kilichoangukia humo. Nilifurahi sana kusikia. Mbona mswadani haimo? Hilo ndilo swali la kwanza atakalouliza mhakiki yeyote aliyewahi kufanya kazi hii. Weka hesabu za sahani hizo katika jedwali, ueleze umezitoa vipi kwenye jumla. Na kwa kuwa jicho haliwezi kila mara kutenga uzi wa pamba na wa polyesta, sema ni vipande vingapi vilivyothibitishwa kwa mashine ya miale ya infraredi, kati ya vyote ulivyohesabu. Kama ni vichache, viwe vichache na viandikwe.

Utaona nakubana. Nakubana kwa sababu kisiwa hiki kimepata matukio makubwa ya bahari, na kila mara anayetaka kujua nini kilipotea hulazimika kwanza kutafuta palikuwa na nini siku iliyotangulia. Mafuta ghafi yalimwagika Makupa mwaka 1988. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo ukafunika mikoko ya Mwache. Katika mwaka huo wa 1998 joto la bahari lilipausha matumbawe, na hapo tulikuwa na bahati: Hifadhi ya Baharini ya Mombasa ilikuwapo tangu 1986, na mtafiti wa matumbawe Tim McClanahan na wenzake walikuwa na vipimo vya miaka ya nyuma kwenye miamba ile ile. Wakaweza kueleza kiasi kilichokufa, na baadaye kiasi kilichorudi. Bila daftari zile tungebaki na masimulizi tu ya kwamba zamani palipendeza.

Sasa fikiria Makupa ya leo. Daraja jipya lilifunguliwa 2022, likachukua nafasi ya tuta la kale lililokuwa limeuziba mkondo, na moja ya makusudio yake lilikuwa kuyaachia maji yapite tena. Je, maji ya upande wa Tudor yamebadilika? Swali hili linahitaji vipimo vya kabla ya 2022 vilivyoandikwa kwa uangalifu, na vya baadaye kama vyako. Ukiandika kihobelahobela, umemnyima anayeliuliza nusu ya jawabu, na maji ya siku ile hayachoteki tena.

Kichwa cha makala nimekikata. Umeandika pwani ya Kenya. Pwani ya Kenya yaanzia Vanga na kufika Kiunga, na wewe umepima vituo vitatu vya mkono mmoja wa bahari. Sema Tudor. Usione kwamba kutaja mahali padogo kunaipunguzia kazi hadhi. Mwaka 2009 Mohamed Omar Said Mohamed na wenzake walitoa makala katika jarida la Wetlands Ecology and Management juu ya misitu ya mikoko iliyo kando ya jiji, na Mombasa wameitaja kichwani kuwa ndiyo mfano wao. Walipima msitu wa Tudor, wakaonyesha kwamba mkoko na mchu ndiyo inayotawala, wakaeleza hali ya miti na machipukizi yake. Kazi hiyo imesomwa mbali kwa sababu inajua mipaka yake. Isome tena, uangalie wanavyoeleza viwanja vyao kabla hawajatoa neno lolote la hukumu.

Na hukumu zako nyingine nimezipigia mstari mwekundu. Umeandika kwamba vipande vingi ni mabaki ya mifuko iliyopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Kipande cha milimita mbili hakikuambii kama kilikuwa mfuko, ndoo au kamba ya nanga. Aina ya plastiki unaweza kuisema, ikiwa umeipima. Asili yake usiiseme, hata kama moyoni una yakini. Tena chupa kumi zilizochotwa mahali pamoja kwa siku moja ni kipimo cha mahali pamoja kwa siku moja, usizihesabu kama vituo kumi. Na wastani wenye nukta nne za desimali, kutoka kwenye hesabu ya jicho, unatangaza uhakika usiokuwa nao. Zipunguze.

Kuhusu majina ya waandishi, kaeni chini na msimamizi wako mkubaliane sasa, kabla mswada haujatoka. Aliyetoa wazo, aliyepima, aliyechanganua na aliyeandika, hao ni waandishi, nao wawe tayari kujibu kwa yaliyomo. Cheo peke yake hakimfanyi mtu mwandishi. Nahodha aliyewapeleka Mikindani, akawaonyesha mahali ambapo taka hujikusanya, mwombe ruhusa umtaje katika shukrani. Anayajua maji yale kuliko sisi sote, na ujuzi wake umo katika ramani yako. Kibali cha utafiti cha NACOSTI kitajwe kwa nambari. Wavuvi wa Mlango wa Papa uliowahoji, eleza ulivyowaomba idhini, na majina yao yasitokee popote.

Umeniuliza upeleke wapi. Ushauri wangu ni Western Indian Ocean Journal of Marine Science. Linatolewa na WIOMSA, chama kilichoanzishwa 1993, makao yake Unguja, na jarida lenyewe lilianza 2002. Wahariri na wahakiki wake wanaijua bahari hii, hutahitaji kuwaeleza kusi ni nini. Tena makala zake husomwa bure. Jambo hilo nalijali sana. Ofisa wa kaunti, mwalimu wa Shimoni, mwanafunzi wa Pemba, wote wataweza kuisoma kazi iliyofanywa kwenye bahari yao bila kutoa senti. Wenzetu wengi hupima maji ya hapa kisha matokeo yakafungiwa nyuma ya malipo ambayo hapa hakuna anayeyaweza, na mimi hilo siliridhii. Kama jarida hilo halikukubali, lipo Kenya Aquatica la taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, pale pale Mkomani ng'ambo ya bandari yetu.

Jihadhari na barua pepe zinazoanza kukusifu. Ukipata ujumbe unaokuita profesa mtukufu, unaokuahidi kuchapishwa ndani ya siku chache na kutaja ada kabla ya kutaja uhakiki, uufute. Vijana wenye kazi njema wamepoteza fedha huko, na mbaya zaidi wamepoteza data, kwa sababu makala ikishachapishwa mahali pasipoaminika, jarida la kweli haliipokei tena. Tazama kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida yasomwayo bure, soma matoleo yake mawili matatu, ulizia nani ni mhariri na kama kweli anajua kwamba jina lake limo. Na usiupeleke mswada kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Huo ni udanganyifu, na wahariri huzungumza.

Ukishachagua, maagizo ya jarida kwa waandishi yasome neno kwa neno, uyafuate: urefu wa ikisiri, mtindo wa marejeleo, namna ya kuhifadhi picha na ramani. Majina ya kisayansi ya viumbe yalinganishe na rejista ya dunia ya viumbe wa bahari. Barua ya kumpelekea mhariri iwe fupi: umegundua nini, kwa nini kinawafaa wasomaji wake, na kwamba kazi haiko kwingine. Data zenyewe, zile hesabu za kila chupa, ziweke kwenye hifadhi ya wazi kama Zenodo, na anwani yake uitaje katika makala.

Kisha ngoja, na kungoja ni kwingi. Wahakiki kwa kawaida huwa wawili au zaidi, na huenda mmoja akakuandikia maneno makali. Usimjibu siku hiyo. Chukua hoja zao moja moja, uandike chini ya kila moja ulichobadilisha na kiko ukurasa gani. Ambapo mhakiki amekosea, sema kwa adabu na umwekee ushahidi. Ambapo hakukuelewa, ujue wengine pia hawatakuelewa, basi andika upya.

Jambo moja halimo katika maagizo ya jarida lolote. Makala ikitoka, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, uupeleke kwa wale wavuvi na kwa nahodha, uwasomee. Wamekuwa wakiulizwa maswali na watafiti tangu mimi kijana, na wengi wao hawajapata kuletewa jibu.

Usiwasilishe mwezi huu. Tarehe na saa za kila chupa unazo, na majedwali ya kupwa na kujaa kwa maji ya Kilindini, yanayotolewa na Mamlaka ya Bandari, yanapatikana. Kaa nayo, ongeza safu moja katika jedwali lako la kwanza, uijaze chupa kwa chupa. Nina wasiwasi kwamba chupa nyingi za Bandari ya Kale zilichotwa asubuhi maji yakitoka, na za Mikindani mchana yakijaa. Ikiwa ndivyo, tofauti uliyoiona baina ya vituo viwili hivyo huenda ni ya kujaa na kutoka kwa maji, si ya mahali, na sehemu ya tatu ya matokeo itabidi ianzwe upya. Nitumie jedwali hilo kwanza, kabla hujagusa kitu kingine.

Wasalaam,

Mjomba wako