Kitabu cha Adhabu

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii inamfaa mtu apitaye porini, lakini mwalimu mkuu akiifanya kuwa sheria ya ofisini kwake, atawaumiza watu. Mimi niliumiza mmoja.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Tandala, Wilaya ya Makete, wakati huo ikiwa bado katika Mkoa wa Iringa. Mwalimu mwenzangu alipoteza saa yake ya mkononi. Hakuna aliyemwona mwizi. Nilifungua kitabu cha adhabu, nikakuta jina la kijana wa darasa la saba ambaye mwaka uliotangulia alichukua maharagwe ya stoo. Nikamwita.

"Si wewe uliyeiba maharagwe?"

"Ndiyo, mwalimu. Maharagwe nilichukua. Saa sikuichukua."

Jibu lake la kwanza nililipokea, la pili nikalikataa. Nikamsimamisha masomo, ikiwa imebaki miezi miwili tu kabla ya mtihani wa mwisho. Siku ya kusafisha ofisi saa ilionekana nyuma ya mtoto wa meza. Nilikwenda kwao jioni ile ile, katika baridi na ukungu. Mama yake akanikaribisha kwa heshima, akaniambia kwamba kijana amekwenda Mufindi kuchuma chai. Hakurudi shuleni.

Miaka mingi baadaye mwanafunzi wangu mwingine, aliyesomea sheria, alinieleza jambo ambalo laiti ningalilijua mapema. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967, iliyochukua nafasi ya ile ya India ya mwaka 1872, inasema kwamba katika kesi ya jinai tabia mbaya ya mshtakiwa si ushahidi dhidi yake. Makosa yake ya zamani hayatajwi ovyo. Mlango huweza kufunguka pale mshtakiwa mwenyewe anapojisifu kuwa ana tabia njema, au anaposhambulia tabia ya mashahidi wa upande wa mashtaka, au pale kosa la zamani linapothibitisha jambo lenyewe linalobishaniwa, kwa mfano kwamba alikusudia na haikuwa bahati mbaya. Akishatiwa hatiani, ndipo kumbukumbu zake husomwa, ili hakimu apime adhabu.

Nilimuuliza, "Kwani aliyeiba jana hawezi kuiba leo?"

Akajibu, "Anaweza, Mwalimu. Lakini ukishasikia ya jana, utaacha kutafuta ya leo."

Ndivyo nilivyofanya. Sikupekua ofisi, sikumuuliza mwenye saa aliivua wapi. Kitabu kilinipa jibu kabla sijauliza swali.

Siku hizi walimu wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Tandala wakija kunisalimu, huwaambia: andikeni makosa ya watoto, maana kumbukumbu ni kazi yetu. Lakini mtoto akishtakiwa, kitabu kikae kabatini mpaka kosa la leo lithibitike kwa ushahidi wa leo.

Katika kitabu changu niliandika kwa wino mwekundu kwamba kijana yule hakuiba saa. Yeye hakuyasoma maneno hayo, na mtihani ulikuwa umekwisha kupita.