Injini Inanguruma, Kilo Hazipandi

Kijana wa mjini akisikia kwamba huku Mtinko kuna fundi pikipiki anayeunda ndege nyuma ya banda la mbuzi, kwanza anacheka, halafu anauliza: "Itaruka kweli?" Simlaumu kwa kucheka, maana hata wazee wetu wa Kinyaturu walicheka. Ninacholalamikia ni swali lenyewe. Hilo ni swali la mtazamaji. Fundi huuliza: inagoma wapi?

Fundi huyu ni mshikaji wangu tangu shule ya msingi. Yeye ana mikono, mimi nina Kiingereza cha kidato cha nne. Basi kazi yangu ni kumsomea vitabu vya injini na kuandika vipimo, kwenye daftari lile lile ninaloandikia riwaya yangu.

Injini ni ya bodaboda, cc 150. Ilipokataa kuwaka tulifuata njia ya gereji zote: mafuta, moto, hewa. Petroli inafika? Plagi inatoa cheche? Chujio limejaa vumbi? Hapo hakuna uchawi. Tofauti huanza ikishawaka. Bodaboda ikizima njiani unaisukuma. Juu angani utamsukuma nani? Tena pikipiki hupumzika kwenye mteremko, lakini injini ya ndege inayopaa hukamuliwa nguvu karibu zote, dakika baada ya dakika. Mpira wa mafuta ukipita karibu na ekzosi, petroli huchemka humo ndani, inageuka mvuke, na kabureta inabaki na njaa. Barabarani huo ni usumbufu. Hewani ni msiba.

Balaa kubwa, hata hivyo, lilikuwa pangaboi. Alilichonga kwa ubao mmoja wa mninga. Kwanza tulilisawazisha: unalipachika kwenye chuma kilicholala sawasawa, panga lililo zito linashuka lenyewe, unalipiga msasa kidogo kidogo mpaka pangaboi likae popote unapoliacha. Pangaboi lisilolingana hutikisa injini hadi bolti zinalegea. Tulipowasha, kuku wote walikimbia kwa kelele, lakini ndege yenyewe ilitetemeka tu pale pale.

Tukafunga mkia kwa kamba kwenye mwarobaini, na katikati ya kamba tukaweka mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia ya vitunguu. Mshale ukagoma kwenye kilo 19. Watu wakasema injini haina nguvu. Si kweli. Injini ikikimbia ovyo na haivuti, basi pangaboi ni fupi mno, au mapanga yamelala mno na hayashiki hewa. Akachonga jingine, mapanga yakiwa yamesimama zaidi. Safari hii injini ikaelemewa kama mtu aliyetwishwa magunia mawili ya alizeti. Haikufika hata kwenye mizunguko yake ya kawaida.

Ndipo tukakaa kwenye hesabu. Pangaboi la mita 1.7 likizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha zake hukimbia mita 222 kwa sekunde. Lizungushe mara 5,000, ncha zinataka mita 445, wakati sauti yenyewe husafiri mita 340 hivi. Ncha zikikaribia mwendo wa sauti, nguvu inaishia kwenye kelele. Ndiyo sababu injini ya Rotax 912, inayopendwa sana na waunda ndege ndogo, hufika mizunguko 5,800 lakini ina giaboksi inayoipunguza hadi chini ya nusu kabla ya kufika kwenye pangaboi.

Sasa sikia hili, ndugu msomaji. Mwaka 1903 akina Wright, mafundi baiskeli wa Dayton kule Marekani, waliruka kwa injini ya nguvu za farasi 12 hivi. Hiyo ni bodaboda, bwana! Ila walikuwa na mapangaboi mawili makubwa, kila moja karibu mita 2.6, yakizungushwa kwa minyororo polepole, kama mara 350 kwa dakika. Tena walikuwa ufukweni, upepo mkali ukiwajia usoni. Sisi Singida tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini ya kabureta hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake, na pangaboi nalo linakosa cha kushika. Farasi 12 wetu wamebaki kumi.

Mshikaji akafunga sproketi kubwa, mnyororo, na pangaboi refu zaidi, nalo la ubao mmoja. Mizani ikasoma kilo 31. Habari zikaenea. Siku ya mnada watu wakajaa uani, na mjomba wake akatangaza mbele ya wote kwamba ikisogea tu, atanunua mabati ya karakana. Mshikaji akashika kisu akate kamba.

Nilikuwa nimepitisha mkono kwenye kitovu cha pangaboi. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu la bolti ukafuata nyuzi za mninga. Nikamwonyesha.

"Nikizima sasa wataniita mwoga, kaka," alisema kwa sauti ya chini.

Mama yake alikuwa mstari wa mbele, mita tatu tu kutoka kwenye mapanga yale. Nikamwambia amwangalie mama. Aliangalia, akazima, akachomoa waya wa plagi, akaanza kufungua bolti. Watu wakatawanyika huku wakizomea. Mjomba aliondoka na mabati yake.

Novemba 1903 shafti ya pangaboi la akina Wright nayo ilipata ufa. Orville alisafiri kurudi Dayton, akatengeneza shafti nyingine za chuma kigumu, na wakaruka tarehe 17 Desemba. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Kenya, aliunda ndege yenye injini ya Toyota na pangaboi la mbao. Haikupaa, naye akaendelea kuunda nyingine. Hadithi nyingi tunazoandika sisi vijana humpa shujaa moyo, na moyo unamrusha ukurasa wa mwisho. Mshikaji wangu moyo anao, wa kutosha kijiji kizima. Anachohitaji ni kilo.

Pangaboi jipya ni la mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja kwa gundi, ili ufa wa ubao mmoja usipite hadi mwingine. Kwa sasa limebanwa chini ya mawe. Gundi ikikauka tutapima tena. Akina Wright walipata kama kilo 60. Tukivuka 50, ndipo tutazungumza habari za kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na habari za kamba. Tusipovuka, tutauliza tena inagoma wapi.