Kofi la Kipaimara

Jumamosi, 25 Oktoba 2025

Nimepokea malipo ya kwanza: shilingi 8,000 na gorogoro 4 za maharagwe. Maharagwe yametoka shambani kwa mwenyekiti wa kamati. Nadhani aliona aibu hizo 8,000 zikija peke yake. Kazi yenyewe ni filamu ya dakika 30 juu ya Kardinali Maurice Otunga, ionyeshwe Jumapili ya Kristo Mfalme, tarehe 23 Novemba, jumuiya zote zikiwepo.

Mimi ni mtu wa harusi na matanga. Mazishi ya huku Likuyani nayajua hatua kwa hatua: jeneza, kwaya, wasifu wa marehemu, mchango, udongo, kisha jina linaelea juu ya maua. Mtakatifu sijawahi kumshughulikia. Nilipomwuliza mwenyekiti kwa nini asitafute watu wa Nairobi, alinijibu, "Kijana, kamera unayo, pikipiki unayo, na babako ni wa jumuiya yetu. Hao wa Nairobi wana nini?"

Jioni nimepita kwa Padre kutafuta baraka, nikapewa masharti. Otunga ni Mtumishi wa Mungu, basi. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza. Juu yake kuna Mstahiki, kisha Mwenyeheri, kisha Mtakatifu, na hakuna ngazi inayopandwa bila Roma kutamka. Tangu enzi za Papa Urban wa Nane, karne ya 17, ni marufuku kumpa marehemu heshima ya hadhara ya watakatifu kabla ya Kanisa kusema neno. "Kwa hiyo usije ukamwekea mwanga kichwani," Padre akasema. Nikacheka. Yeye hakucheka. Programu yangu ya kuhariri inao huo mwanga, na jana usiku nilikuwa nimeshaujaribu.

Jumatano, 29 Oktoba

Siku ya tatu ya mahojiano. Watu saba, maneno yaleyale, kana kwamba wamegawiwa karatasi mlangoni: alikuwa mnyenyekevu, alikuwa mtu wa sala, aliwapenda maskini. Wote wanaanzia Chebukwa, Bungoma, mwaka 1923, mwana wa Chifu Sudi Namachanja. Wanapitia upadre Roma 1950, uaskofu 1957, kardinali wa kwanza wa Kenya 1973, wanamalizia na kifo Septemba 2003. Ni kweli tupu, lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia kitu ambacho jirani yake hangeweza kuniambia.

Juu ya hayo, ni wakati wa mavuno. Kila nikisimamisha kamera, mashine ya kupukuchua mahindi inaanza kunguruma boma la pili. Leo nimempa yule kijana wa mashine shilingi 100 azime dakika kumi. Amezima sita.

Katekista alinikuta nimekalia gunia, nimejiinamia. Akaniuliza ninawauliza nini hao wazee. Nikamwambia: "Kardinali alikuwa mtu wa namna gani?" Akatikisa kichwa. Kanisa lenyewe, akasema, haliulizi hivyo. Shahidi katika kesi ya mtu anayetajwa kwa utakatifu huapishwa, na hutakiwa aeleze kama jambo aliliona kwa macho yake au alilisikia. Aliyesikia hafukuzwi, ila aseme alisikia kwa nani. "Wewe unawauliza watu sifa, wanakupa sifa. Waulize waliona nini."

Kesho naanza upya. Swali moja tu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Misa ya asubuhi ilikuwa ya kumkumbuka Mwenyeheri Irene Stefani, sista wa Consolata aliyefariki Gikondi tarehe kama ya leo mwaka 1930, baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Kabla ya Gikondi alikuwa ameosha vidonda vya wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenyeheri palepale Nyeri, wa kwanza kutangazwa katika ardhi ya Kenya.

Mwujiza uliokubaliwa na Roma haukutokea Kenya. Ulitokea Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989, wakati wa vita. Watu walijifungia kanisani, wakamwomba Sista Irene, na maji kidogo yaliyokuwa kwenye kisima cha ubatizo yakawatosha wote kwa siku kadhaa. Kamera haikuwepo. Wapo walioyanywa.

Usiku nimesoma habari ya Malcolm Muggeridge, mwandishi Mwingereza aliyempeleka Mama Teresa kwenye televisheni ya BBC mwaka 1969. Walirekodi ndani ya nyumba ya wanaokufa, Calcutta, mahali penye giza ambapo mpigapicha aliapa hapatatoka kitu. Picha ikatoka angavu. Muggeridge akatangaza kuwa ni mwanga wa Mungu. Mpigapicha wake, Ken Macmillan, alisema ni ile filamu mpya ya Kodak waliyokuwa wameletewa.

Nimelala nikimwonea huruma Macmillan. Nami napajua mahali pale. Unafanya kazi yako, anakuja mtu mwenye maneno mengi kuliko wewe.

Jumapili, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Baada ya kubariki makaburi nilikwenda kwa mzee mmoja upande wa Kongoni. Ana miaka 77. Baba yake aliileta familia huku miaka ya sitini, mashamba ya Wazungu yalipogawanywa baada ya Uhuru. Kabla ya hapo walikaa karibu na Mukumu, misheni ya mapadre wa Mill Hill.

Nikauliza swali langu jipya: "Mzee, uliona nini?"

Akanyamaza. Nikahesabu moyoni hadi ishirini. Kuku akapita mbele ya kamera, nikamwacha.

"Niliona viatu," akasema. "Tulikuwa tumepiga magoti safu nzima, watoto, tukiangalia chini kama tulivyofundishwa. Mwaka 1958. Viatu vyeusi vikawa vinakuja, vinasimama, vinakuja. Nilijua ni askofu. Sikujua ni mweusi. Mapadre wote niliowajua walikuwa Wazungu. Nikainua macho, nikamwona. Nikasahau kufumba mdomo."

Akaeleza kidole gumba chenye mafuta ya krisma kwenye paji la uso, na harufu yake, ambayo alikataa kunawa siku tatu mpaka mama yake akamkimbiza na maji. Kisha kofi. Katika ibada ya zamani askofu alimgusa shavuni yule aliyepokea kipaimara, kofi dogo la kumkumbusha kuwa askari wa Kristo atateseka, huku akimtakia amani kwa Kilatini.

"Wenzangu walisema hawakusikia kitu. Mimi nilisikia. Alinipiga na akatabasamu, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa bado wazi."

Hapo mzee akapeleka mkono shavuni, upande wa kushoto, akauacha. Hakuongea tena. Vidole vyake vimepinda kwa jembe na havinyooki, kwa hiyo shavu lilikaa ndani ya kiganja kama yai kwenye kiota. Dakika moja na sekunde 12. Mashine ya kupukuchua haikunguruma popote. Jumapili.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumekosana na mwenyekiti. Nilimwonyesha mpangilio wa filamu, akafika kwenye mwaka 1996 akaweka kidole: "Hii toa."

Mwaka 1996 Kardinali Otunga alishiriki kuchoma hadharani kondomu na vijitabu vya kuhamasisha kuhusu ukimwi, Nairobi. Magazeti ya dunia yaliandika, na alipofariki yaliandika tena. Mwenyekiti anasema filamu ya jumuiya si mahakama. Nikamjibu kwamba kesi ya utakatifu ni mahakama hasa. Kwa karne nyingi Roma ilikuwa na afisa ambaye kazi yake ilikuwa kupinga, watu wakamwita wakili wa shetani, hadi Papa Yohane Paulo wa Pili alipobadilisha utaratibu mwaka 1983. Hata leo mashahidi wa kupinga wanasikilizwa. Akasema, "Basi ngoja Roma wakuite."

Nimerudi nyumbani na hasira, na hasira yangu naijua ilikotoka. Shangazi alikufa kwa ukimwi mwaka 1999, nikiwa na miaka tisa. Je, nilikuwa namtafutia Kardinali kosa ili nimlipie shangazi kisasi?

Nikajiuliza lile swali langu mwenyewe: uliona nini? Niliona sahani ya shangazi ikiwekwa juu ya paa la banda la kuku, isichanganyike na zetu. Niliona sista wa zahanati ya misheni akija Jumanne na Ijumaa na baiskeli, akimwosha, akimsuka nywele. Siku moja aliichukua ile sahani, akapakua ugali, akala na shangazi humohumo. Bibi akaangalia. Kuanzia jioni ile sahani ikarudi kabatini. Nairobi na moto wake sikuuona. Nilisikia baadaye, kwa magazeti.

Kwa hiyo nitaweka yote mawili, kila moja kwa kipimo chake. Sekunde 40 za mwaka 1996: tarehe, tendo, hoja ya Kanisa, hoja ya wauguzi. Bila muziki. Na sahani nitaisimulia kwa sauti yangu.

Jumamosi, 15 Novemba

Stima imepotea tangu saa nane mchana. Nahariri kwa betri, na betri ina saa moja na nusu.

Nimejaribu kuweka kwaya chini ya mzee na shavu lake. Nimejaribu kinanda. Nimejaribu maandishi yanayoeleza kipaimara ni nini. Kila nikiongeza kitu, mkono wake unakuwa mdogo.

Mjerumani mmoja, Philip Gröning, aliwaomba watawa Wakartusi wa Grande Chartreuse, Ufaransa, ruhusa ya kuwarekodi mwaka 1984. Walimjibu baada ya miaka 16. Akakaa nao peke yake miezi karibu sita, bila taa ya ziada, na filamu iliyotoka mwaka 2005 ina zaidi ya saa mbili na nusu, karibu yote kimya. Mimi nimepewa mwezi mmoja na jenereta ya kuazima, lakini dakika moja na sekunde 12 naweza kuzilinda.

Mwenyekiti alitaka mwisho uwe Kardinali amekaa na wazee katika Nyumba ya Wazee, Kasarani, kwa Masista Wadogo wa Maskini, alikoishi baada ya kustaafu. Nami ningependa. Picha hiyo sina. Nimeweka benchi tupu la kanisa letu, nikaandika ni la Likuyani, mtu asije akadhani nimempeleka Kasarani.

Jumapili, 23 Novemba

Wamekuja karibu wote. Shuka mbili zimeshonwa pamoja zikawa ukuta. Ilipofika 1996 nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa anatazama mikono yake. Ilipofika sahani, mama mmoja nyuma alisema "Aii" polepole, kisha kukawa kimya.

Halafu mzee. Sekunde ya thelathini watu wakaanza kugeuka kuangalia jenereta, wakidhani sauti imekatika. Fundi akaanza kutikisa waya. Nikamshika mkono.

Baadaye mzee mwenyewe alinitafuta, na fimbo, amekasirika. "Mbona umeniacha kimya vile mbele ya watu? Watasema nimesahau."

"Ulikuwa umesahau, Mzee?"

"Hata!" akasema, na akanigusa shavu, kofi dogo. "Hivi ndivyo ilivyokuwa. Sasa umeona."

Salio la malipo bado. Mwenyekiti amesema tuonane Jumanne, niende na gunia.